NANI ALIYEUBEBA MZIGO? Vita Vikuu vya Kwanza, vyanzo vyake na yaliyotufika sisi



Ndugu msomaji, kwanza nakupa mkono wa Ramadhani. Mola atutakabalie funga zetu na atufikishe Idi tukiwa wazima. Najua mwezi huu ukifika tarehe 17 tunakumbushwa vita vya Badr, na ni haki tukumbushwe. Mimi leo naomba nikupeleke kwenye vita vingine, ambavyo navyo vilianza ndani ya Ramadhani lakini huvisikii vikitajwa msikitini wala barazani. Navyo ni Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, vya mwaka 1914 hadi 1918.

Pengine utasema: vita vya Wazungu vyatuhusu nini sisi? Hata mimi nilikuwa nikisema hivyo. Shuleni tulivisoma ili tupite mtihani. Vyanzo vitano, matokeo sita, ukishayaandika umemaliza, unafunga daftari.

Lakini nyumbani kwetu, huku Pwani, kila Ramadhani tunasoma hitma ya marehemu wetu. Nyanya huyataja majina mmoja mmoja, sisi tunaitikia. Jina la mwisho siku zote ni la babu yake mzaa baba. Marehemu wengine wote wana makaburi tunayoyajua. Huyu hana. "Alichukuliwa mwaka wa Kariakoo," nyanya husema, "akamwacha mkewe ana mimba ya babangu. Hakurudi." Tukimuuliza alikwenda wapi, jibu lake ni moja tu: "Alikwenda kubeba mizigo ya Wazungu."

Nilipofika chuo kikuu ndipo nilipoanza kutafuta: hiyo mizigo ilikuwa ya nini, na nani aliyeifunga? Haya ndiyo niliyoyapata.

RISASI MBILI SARAJEVO

Sarajevo ni mji wa Bosnia, mji wa misikiti ya tangu zamani, kwani dola ya Uthmaniya iliutawala kwa zaidi ya miaka 400. Mwaka 1878 Austria-Hungaria iliikalia Bosnia, na mwaka 1908 ikaitia kabisa katika milki yake. Jirani yake Serbia akakasirika, kwa sababu naye alikuwa akiitolea macho nchi hiyo hiyo.

Tarehe 28 Juni 1914 mrithi wa ufalme wa Austria-Hungaria, Franz Ferdinand, alizuru Sarajevo pamoja na mkewe Sophie. Vijana kadhaa waliotaka kuwatoa Waaustria walikuwa wamejipanga njiani. Asubuhi mmoja wao alitupa bomu, likamkosa mkuu huyo na kujeruhi wengine. Baadaye, alipokuwa akienda hospitali kuwatazama majeruhi, dereva wake alikunja njia isiyokuwa yake, akasimamisha gari ili arudi nyuma. Gari likasimama karibu kabisa na kijana wa miaka 19 aitwaye Gavrilo Princip. Kijana akafyatua risasi mbili. Mkuu akafa na mkewe akafa.

Basi vitabu vingi vya shule hapo ndipo vinapoanzia. Lakini hebu tujiulize: risasi mbili za kijana mmoja zaweza kuua mamilioni ya watu? La hasha. Wafalme na marais wameuawa kabla ya hapo na baada yake, na dunia haikuwaka. Kiberiti hakichomi nyumba kama hakuna kuni kavu. Tuangalie basi zile kuni.

KUNI ZILIKUWA ZIMESHAPANGWA

La kwanza ni mapatano ya kusaidiana vitani. Tangu mwaka 1882 Ujerumani, Austria-Hungaria na Italia zilikuwa zimefunga mkataba wao. Kwa upande wa pili, Ufaransa ilipatana na Urusi mwaka 1894, Uingereza ikapatana na Ufaransa mwaka 1904, kisha Uingereza na Urusi mwaka 1907. Kila mmoja alidhani akiwa na rafiki mwenye nguvu hakuna atakayemgusa. Kumbe ilikuwa kama majirani waliofunga mashua zao zote kwa kamba moja: ikizama moja, zinavutana zote.

La pili ni mashindano ya silaha. Uingereza mwaka 1906 ilizindua manowari iitwayo Dreadnought, kubwa na kali kuliko zote zilizotangulia. Ujerumani nayo ikakimbilia kuunda zake za namna hiyo. Huyu akiunda moja, yule anataka mbili. Na mtu akishalipa mali nyingi kununua panga, ndugu yangu, huanza kutafuta cha kukata.

La tatu ni uchu wa makoloni. Katika mkutano wa Berlin wa mwaka 1884 na 1885 mataifa ya Ulaya yaliwekeana masharti ya kugawana bara letu, na hakuna Mwafrika aliyekaa kwenye meza ile. Ujerumani ilifika karamuni imechelewa, ikaona wenziwe wameshajipakulia minofu. Ikawa inataka zaidi, na waliopata hawataki kutoa.

La nne ni kiburi cha utaifa. Watoto wa Ulaya walifundishwa madarasani kwamba taifa lao ni bora kuliko mataifa yote, na kwamba kufa kwa ajili yake ni sifa. Vijana wakakua wakiitamani vita kama watu wanavyoitamani sherehe. Vilipotangazwa, katika miji mingi umati ulijaa barabarani ukishangilia.

Sasa tazama mambo yalivyokwenda. Mwanzoni mwa Julai, Ujerumani iliiahidi Austria kwamba itasimama nayo kwa lolote litakalotokea. Austria ikapata moyo. Tarehe 23 Julai ikaipa Serbia masharti mazito na muda wa saa 48 kujibu. Serbia ikayakubali mengi, ikakataa machache. Austria ikasema hayatoshi.

Siku hizo hizo Waislamu wa dunia nzima walikuwa wakiupokea mwezi wa Ramadhani ya mwaka 1332 Hijria. Tarehe 28 Julai Austria ikatangaza vita juu ya Serbia. Urusi ikakusanya majeshi kumsaidia Mserbia. Tarehe 1 Agosti Ujerumani ikatangaza vita juu ya Urusi, na tarehe 3 juu ya Ufaransa. Tarehe 4 ikaivamia Ubelgiji ili ipate njia ya kuingilia Ufaransa, na siku hiyo hiyo Uingereza ikaingia. Wiki moja tu! Waislamu hawajafika hata nusu ya mwezi, na Ulaya yote imeshawaka.

Wakubwa walikuwa na mwezi mzima tangu risasi za Sarajevo. Wangeweza kukaa na kuzungumza. Lakini kila mmoja aliogopa kuonekana mnyonge, na majemadari wake walimwambia ukichelewa siku moja mwenzio atakutangulia.

MOTO UNAFIKA KWETU

Wakati huo sisi tulikuwa chini ya Mwingereza, na ng'ambo ya mpaka, Tanganyika, alikuwapo Mjerumani. Ule ule mkutano wa Berlin ulikuwa umeacha mlango wa kuziweka nchi za huku nje ya vita vya Ulaya. Gavana wa Kijerumani, Heinrich Schnee, alipendelea iwe hivyo. Lakini kamanda wa jeshi lake, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa na hesabu nyingine. Yeye alitaka kuwashughulisha Waingereza huku Afrika ili wasipate nafasi ya kupeleka askari wengi Ulaya. Waingereza nao hawakungoja. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari yao ilipiga mizinga Dar es Salaam kuuvunja mnara wa simu za upepo. Wiki moja baadaye, Idi haijafika, Wajerumani wakaichukua Taveta.

Umeona? Hawakuwa wakigombania hata hiyo Taveta yenyewe. Nchi yetu iligeuzwa uwanja, ili watu wa Ulaya wapunguziane nguvu.

Na hapa Pwani mwezi huo huo wa Agosti moto ulikuwa umeshawaka mwingine. Wagiriama, waliokuwa wameamshwa na Mekatilili wa Menza, walikataa kutoa vijana wao kwa kazi za serikali. Waingereza wakaibomoa kwa baruti Kaya Fungo, mahala pao patakatifu, wakachoma nyumba, wakatoza faini za mbuzi na fedha. Serikali iliyoingia vitani Ulaya kwa kusema inaitetea nchi ndogo ya Ubelgiji iliyoonewa, huku ilikuwa ikiwafanyia Wagiriama hayo.

Mwezi Novemba Waingereza walileta kwa meli askari wapatao 8,000 kutoka Bara Hindi, Wahindu kwa Waislamu, ili waiteke Tanga. Waliowangoja walikuwa kama 1,000, wengi wao askari weusi, na miongoni mwao Waislamu wenye kusema Kiswahili kama mimi na wewe. Waingereza walishindwa vibaya. Watu wa Tanga mpaka leo wanasimulia jinsi nyuki walivyotoka mizingani kwa kelele za bunduki wakawashambulia wapiganaji. Kisa hicho huchekesha. Lakini fikiri kidogo: Mwislamu wa Hindi na Mwislamu wa Tanganyika, hawajapata kuonana maishani mwao, hawana ugomvi wa shamba wala wa maji, wanauana chini ya minazi kwa amri ya wakubwa wawili wa Ulaya ambao wenyewe ni jamaa wa damu. Mfalme wa Uingereza na mfalme wa Ujerumani walikuwa watoto wa mtu na ndugu yake!

Kule Taita, mwaka 1915, Wajerumani waliiteka ngome ya Waingereza pale Kasigau. Waingereza wakasema wenyeji ndio waliowaonyesha njia. Basi watu wa Kasigau wakahamishwa kwa nguvu hadi Malindi, kwenye joto na mbu wasioyazoea, na wengi wakafia huko. Walipokuja kuruhusiwa kurudi kwao ilikuwa imeshapita miaka mingi.

KARIAKOO

Sasa nimefika kwa babu yake nyanya.

Vita vya huku havikuwa kama vya Ulaya, ambako majeshi yalijichimbia mahandaki yakakaa. Huku Lettow-Vorbeck alikuwa akipiga na kukimbia, na Waingereza wakimfuata kutoka Kilimanjaro mpaka Rufiji, kutoka Rufiji mpaka Msumbiji. Reli zilikuwa chache, barabara za magari hakuna. Farasi na nyumbu waliletwa kwa maelfu wakafa kwa kuumwa na mbung'o. Kikabaki kitu kimoja cha kubebea risasi, unga na mizinga, nacho ni kichwa cha mwanadamu.

Chukua hesabu hii. Mchukuzi mmoja anabeba kama kilo 25 za unga. Tuseme yeye mwenyewe anakula kilo moja kwa siku. Akitembea siku 12 kwenda na siku 12 kurudi, ameshakula karibu mzigo wote. Askari aliye mbele amefikishiwa nini? Kwa hiyo ili askari mmoja apate chakula porini, walihitajika wachukuzi wengi, na wachukuzi wengine wa kuwabebea chakula wale wachukuzi. Jeshi likawa linakula watu kama moto ulavyo nyasi.

Mwanzoni walichukuliwa waliokubali kwa mshahara. Walipopungua, mwaka 1915 Waingereza wakatunga sheria ya kuwachukua kwa lazima. Mwaka 1917 ukaja msako mkubwa. Machifu walipewa idadi ya watu wa kutoa, na vijana wakakamatwa vijijini usiku. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, nasi ulimi wetu ukakigeuza kuwa Kariakoo. Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam, tunakokwenda kununua na kuuza, majina yake yametoka kwa wachukuzi hawa.

Inakadiriwa kwamba upande wa Waingereza peke yake ulitumia wachukuzi wapatao milioni moja, kutoka nchi nyingi za Afrika. Waliohesabiwa rasmi kuwa wamekufa ni zaidi ya 95,000, na kati yao kama 45,000 walikuwa wa nchi yetu. Ni wachache waliopigwa risasi. Wengi waliuawa na kuhara damu, malaria, vichomi na njaa. Walipewa unga usiopikwa ukaiva, wakanyeshewa bila blanketi, watu wa milimani wakapelekwa mabondeni na watu wa joto wakapelekwa kwenye baridi. Akianguka mtu njiani, mzigo wake unagawanywa kwa wenziwe na safari inaendelea.

Na wale waliobaki majumbani? Pande zote mbili zilichukua nafaka na ng'ombe wa raia. Huko Ugogo, katikati ya Tanganyika, ilikuja njaa waliyoiita Mtunya, ikaua maelfu kwa maelfu. Kisha mwaka 1918 ikaja homa kubwa ya mafua iliyozunguka dunia nzima, ikawakuta watu tayari wamedhoofika.

Vita vya Ulaya vilisimama tarehe 11 Novemba 1918. Huku Lettow-Vorbeck alikuwa bado porini hana habari, akaja kusalimu amri tarehe 25 Novemba kule Abercorn, ambayo siku hizi ni Mbala nchini Zambia. Ndugu yangu, pana watu waliokufa na mizigo kichwani baada ya vita kwisha.

DINI NAYO IKAVUTWA

Hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu jambo hili latugusa sisi vijana wa Kiislamu.

Dola ya Uthmaniya iliingia vitani upande wa Ujerumani mwishoni mwa Oktoba 1914. Tarehe 14 Novemba kukatangazwa jihadi Istanbul. Waislamu wote wakaambiwa ni wajibu wao kupigana na Uingereza, Ufaransa na Urusi. Sasa jiulize, Ujerumani na Austria zilikuwa dola za Kiislamu? Hazikuwa. Wajerumani waliitaka jihadi hiyo ili Waislamu wa India, Misri na Afrika Kaskazini wawasumbue maadui zao. Hata hapa Afrika Mashariki walijaribu kuitumia ili kuwavuta Waislamu. Waingereza nao hawakulala. Waliwataka viongozi wa Kiislamu waliokuwa chini yao waseme kinyume chake, na Sultani wa Zanzibar, Khalifa bin Harub, akawahimiza Waislamu wa huku wawe upande wa Mwingereza. Mwislamu wa kawaida akaitwa na dini yake kushoto na kulia kwa wakati mmoja!

Huko Arabuni, Waingereza walimwandikia Sharifu Hussein wa Makka wakampa tamaa ya dola huru ya Waarabu. Mwezi Juni 1916 akaasi dhidi ya Waturuki. Asichokijua ni kwamba mwaka huo huo Mwingereza Sykes na Mfaransa Picot walikuwa wameshaigawa ramani ile kwa siri: Syria na Lebanon ziwe chini ya Mfaransa, Iraq na jirani zake chini ya Mwingereza. Kisha tarehe 2 Novemba 1917 waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, Balfour, akatoa barua ya kuunga mkono kuwekwa makao ya taifa la Wayahudi Palestina, nchi ambayo wakati ule wakaazi wake wengi mno walikuwa Waarabu. Shamba moja, ahadi tatu! Mwezi Desemba mwaka huo jeshi la Uingereza likaingia Jerusalem. Tarehe 3 Machi 1924 khilafa yenyewe ikafutwa na bunge la Uturuki.

Mateso ya Palestina unayoyaona kwenye televisheni na kwenye simu yako yana vyanzo vingi vya baadaye, sitaki kukudanganya kwamba yote yametokana na barua moja. Lakini mizizi yake mikubwa ilipandwa katika miaka hiyo minne.

BAADA YA VITA

Askari wanaokaribia milioni 10 walikuwa wamekufa duniani, na raia mamilioni juu yao. Falme nne kubwa zilianguka: ya Ujerumani, ya Austria, ya Urusi na ya Waturuki. Tarehe 28 Juni 1919, miaka mitano kamili tangu risasi za Sarajevo, Ujerumani ilitiwa saini pale Versailles kwenye mkataba uliombebesha lawama ya vita na deni la fidia. Mwaka 1921 deni hilo likapangwa kuwa marki za dhahabu bilioni 132. Mwaka 1923 fedha ya Ujerumani ikaporomoka mpaka mkate mmoja ukanunuliwa kwa noti zisizohesabika. Katika hasira na fedheha ile akainuka Adolf Hitler, akashika serikali mwaka 1933, na tarehe 1 Septemba 1939 akaanzisha Vita vya Pili vilivyoua zaidi ya watu milioni 60. Waliosuluhisha vita vya kwanza walikuwa wamepanda mbegu za vya pili. Safari hii vijana wetu walipelekwa mpaka Burma.

Na hapa kwetu? Mzungu aliyepigana alirudi akapewa shamba katika mpango wa mwaka 1919 wa kuwapa ardhi askari wa zamani, na sehemu ya ardhi hiyo ilinyang'anywa Wanandi. Mwafrika aliyebeba mizigo alirudi akavishwa kipande shingoni na kupandishiwa kodi. Mwaka 1920 sehemu kubwa ya nchi ikafanywa koloni kamili. Mishahara ya maelfu waliofia porini haikuwafikia jamaa zao. Lakini waliorudi walikuwa wameshaona jambo moja: kwamba Mzungu naye anaogopa, anaugua, na anakufa. Mwezi Machi 1922 Harry Thuku alipokamatwa kwa kupinga kipande na kodi, watu walijaa barabarani Nairobi mpaka serikali ikawapiga risasi. Hesabu ya uhuru wa Kenya yaanzia mbali.

Ukipita Kenyatta Avenue, Nairobi, utaona sanamu za ukumbusho za wapiganaji na wachukuzi. Kuna maandishi ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yenye kuahidi kuwa mwenye kufa vitani watoto wake watalikumbuka jina lake. Nilisimama pale nikalizunguka lote nikitafuta majina. Hakuna hata moja. Makaburi ya Wazungu waliokufa vita hivyo yako Voi na Taveta, yamepangwa safu safu, kila moja na jiwe na jina. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Nami nafahamu kuwa mmoja wao ni babu yake nyanya yangu.

TUJIFUNZE NINI?

Ndugu msomaji, wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi huumia. Sote twaijua methali hii tangu utotoni. Lakini nimeona tuna kawaida ya kuisema kama kwamba sisi nyasi hatuna la kufanya ila kukanyagwa. Mimi naona tunayo matatu.

La kwanza, tuhakikishe habari kabla ya kuzibeba. Qur'ani katika Suratul Hujurat imetuamrisha tukiletewa habari na mtu asiyeaminika tuichunguze, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Mwaka 1914 watu walichochewa kwa magazeti. Hapa Kenya, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu 1,100 waliuawa, na ujumbe wa simu ulikuwa mmoja wa viberiti. Kidole chako kinachotuma habari usiyoijua ukweli wake kitaulizwa.

La pili, akikujia mtu akikuita kupigana, kwa jina la kabila, la chama, au la dini, muulize maswali mawili tu: nani atakayefaidika, na nani atakayebeba mzigo? Mwangalie yeye na watoto wake watakuwa wapi siku hiyo. Dini yetu imeipa nafsi moja isiyo na hatia uzito wa watu wote, basi usikubali iwe kamba ya kufungia mzigo wa mtu mwingine. Waliopewa jihadi ya Istanbul na waliopewa ahadi ya Makka, wote walikuja kugundua kwamba ramani ilikuwa imeshachorwa na wengine.

La tatu, tuzibe ufa. Ile kuni kavu niliyokwambia, yaani kiburi, dhuluma ya ardhi, chuki za majirani, haikurundikana siku moja. Watu walipita wakaiona miaka 30 wakanyamaza. Ukiona ndugu wawili wamenuniana mtaani, au vijana wa mtaa huu hawapiti mtaa ule, usiseme hayanihusu. Suratul Hujurat hiyo hiyo imetuamrisha kusuluhisha. Na Ramadhani ndio wakati wake, maana aliyefunga akichokozwa amefundishwa aseme mimi nimefunga.

Nina ombi moja la mwisho. Kabla ya Idi, kaa na mzee wenu mmoja baada ya futari. Muulize nani katika ukoo wenu alichukuliwa mwaka wa Kariakoo, au alipelekwa Burma. Ukipata jina, liandike kwenye daftari, na mwaka, na alikotoka. Serikali zilizowachukua hazikuandika, basi tuandike sisi. Wazee wanaondoka, na kila mmoja anaondoka na majina yake.

Kwetu nyumbani nimeshaanza. Juzi nilimsomea nyanya yote haya niliyoyaandika. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza swali moja: "Kwani hao walioanzisha, walibeba nini?" Sikuwa na la kumjibu.

Mola awarehemu waliotangulia, na atuepushe na fitna za dhahiri na za siri. Amin.

Wabillahi tawfiq.